Vitabu Tisa Vilivyojaa

Tobin Mills, New Brunswick
9 Januari 1996

Mpendwa Lorna,

Naomba radhi kwa kimya cha miaka minne. Kosa ni langu, wala sitalipamba. Mara ya mwisho uliponiandikia, ulinieleza habari za kazi yako mpya huko Ottawa, za nyumba mliyopanga karibu na mfereji, na za mumeo kuugua mapafu. Nami nikakurudishia barua hiyohiyo, nimeisahihisha kwa wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila hata neno moja la kumpa pole mgonjwa. Nilidhani nakusaidia. Hukuandika tena. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa sababu, na mitatu mingine kupata moyo wa kukiri.

Utasema nimekukumbuka kwa sababu nina shida. Ni kweli.

Tangu nistaafu ninafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Tunakutana Jumanne na Alhamisi katika chumba cha chini ya kanisa, saa kumi alasiri, zamu ya mchana inapotoka kiwandani. Wako tisa. Mdogo ana miaka thelathini na mmoja, mkubwa sitini na sita. Mji wetu umetengeneza karatasi za magazeti kwa miaka themanini, na miongoni mwa wanafunzi wangu wamo waliozitengeneza maisha yao yote bila kuweza kusoma kinachochapishwa juu yake.

Shida yetu ni vitabu vya mazoezi. Kitabu cha hadithi hupita mikono kumi, na wa kumi hukikuta kama alivyokikuta wa kwanza. Kitabu cha mazoezi ni cha mtu mmoja tu. Akishaandika ndani, kimekwisha, na anayemfuata lazima anunuliwe kipya. Kwa kila kimoja tunalipa kodi ya mauzo, asilimia saba, kana kwamba tumenunua sigara. Tunavinunua kwa mapato ya mlo wa maharagwe tunaouuza Jumamosi hapa kanisani. Tangu kodi hiyo ianze, miaka mitano sasa, imekula vitabu vya mwaka mzima vya watu watatu. Na watu watatu ndio hasa wanaosubiri nafasi, nami nawaambia warudi mwakani. Mtu mzima aliyejikaza mpaka akabisha hodi kwenye darasa la kusoma, ukimwambia arudi mwakani, harudi.

Nimesikia kamati ya Bunge unayoifanyia ukarani inalizungumzia jambo hili. Nifundishe njia ya kuifikia. Na uniambie mumeo anaendeleaje.

Wako mwaminifu,
Hester Quarrie

---

Ottawa
20 Januari 1996

Mwalimu wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa mshangao, ya pili kwa furaha, na ya tatu, nisamehe, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sikupata hata kosa moja. Ilinikera kidogo.

Mume wangu alipona. Asante kwa kuuliza. Nilingoja miaka minne, lakini umeuliza.

Nikueleze jambo lilivyo. Muswada upo. Unapendekeza kuondoa kodi ya mauzo kwenye vitabu vinavyonunuliwa na madarasa ya watu wazima. Ukiusoma juu juu utapiga makofi. Ila ukurasa wa pili, kifungu cha nne, unasema kitabu maana yake ni kitabu cha kusomwa. Kile kilichotungwa ili mtu aandike ndani yake kimehesabiwa pamoja na daftari na bahasha, na kodi yake itabaki palepale. Kwa hiyo hadithi zitasamehewa, na vitabu vyako vya mazoezi vitaendelea kulipiwa.

Mimi ni karani. Siruhusiwi kuwa na maoni kazini, na nikiwa nayo nayameza. Lakini naruhusiwa kumwambia raia yeyote utaratibu: kamati inapokea barua za wananchi hadi tarehe kumi na sita Februari. Waandike wanafunzi wenyewe, kwa sababu barua za walimu tunazo tele na wajumbe wamezichoka. Na barua inayokwenda Bungeni haibandikwi stempu. Waambie.

Sasa nami nina ombi. Kaka yangu Everett hajaniandikia tangu azikwe wifi yangu Philomena, na huu ni mwezi wa kumi na nne. Unakumbuka dhoruba ile ya Novemba; uwanja wa ndege ulifungwa siku mbili, nikakosa mazishi. Nimemwandikia barua saba. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukosa kunijibu, hata nilipomwandikia upuuzi, na sasa kimya. Simu hajawahi kuipenda; nikipiga anasema "Mm" na "Haya," kisha anakata. Naogopa amenichukia. Ukimwona, niambie ukweli.

Mwanafunzi wako,
Lorna Haggart-Poole

---

Tobin Mills
3 Februari 1996

Mpendwa Lorna,

Katika bahasha hii zimo barua tisa. Zimeandikwa kwa mikono ya wanafunzi wenyewe, na hazina doa. Mimi sikushika kalamu. Nilisimama tu nyuma yao, na palipokosewa nikawaambia waanze upya. Oriel Steeves, mpishi wa kantini ya kiwanda, ameiandika yake mara kumi na moja. Mara ya tisa aliniambia, "Mwalimu, mimi nikioka mkate ukaungua, situpi jiko zima." Nikamwambia akae.

Kuhusu stempu kulikuwa na ubishi. Oriel hasadiki. Alisema, "Barua bila stempu inarudi. Mimi nawajua hao, hawakupi kitu bure."

Gus Arsenault, mwenzake darasani, akamjibu, "Oriel, mama yangu we, mwaka mzima wanakukata kodi, stempu umeshalipa mara mia!"

"Basi wewe usibandike yako, mimi nibandike yangu, tuone ya nani itafika."

Utaikuta barua moja ndani ya bahasha yake yenyewe, ina stempu mbili. Ni yake.

Kaka yako nimemwona. Ni mzima, anakwenda kazini, na paa lake ameliparua theluji vizuri. Naamini hana chuki nawe. Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kusema.

Hester Quarrie

---

Ottawa
24 Februari 1996

Mwalimu,

Barua hii sipendi kuiandika.

Barua zenu zilisomwa Jumatano. Mwenyekiti wetu, Bi. Jacinthe Morel, alisoma ya kwanza kwa sauti yake nzuri: "Kwa unyenyekevu mkubwa naomba kamati yenu tukufu itafakari hali yetu." Akasoma ya pili. Kabla hajamaliza ya tatu, Bwana Pelham Rusk, mbunge wa huko nyikani magharibi, akavua miwani yake na kusema, "Bi. Mwenyekiti, nina shamba la ngano na nina masikio. Barua hizi kaandika mwalimu. Kama wanafunzi wanaandika hivi, basi hawahitaji darasa, wanahitaji viti vyetu." Kicheko kilijaa chumba kizima. Hata mwandishi wa kumbukumbu za kikao alicheka.

Mimi niliinamisha kichwa na kuandika: "Wajumbe walizijadili barua za wananchi."

Sasa wengi wanaelekea kukiacha kifungu cha nne kama kilivyo. Kuna kikao kimoja tu kimebaki, tarehe ishirini na moja Machi, ndipo wapige kura. Ushahidi wowote mpya ufike kabla ya tarehe kumi na nane.

Na kuhusu Everett, umeniambia huna ruhusa. Nimeelewa. Maana yake amekukataza kunieleza. Mtu asiye na chuki hakatazi watu kusema habari zake. Basi sitamsumbua tena. Zile barua saba zinatosha.

Lorna

---

Tobin Mills
5 Machi 1996

Mpendwa Lorna,

Bwana Rusk amesema kweli. Nimeimeza siku kadhaa, na sasa naisema: barua zile niliziandika mimi. Kalamu walishika wao, lakini kila sentensi ilikuwa yangu. Niliogopa wasije wakaonekana wajinga, nikawavika nguo zangu, na nguo zangu hazikuwatosha.

Jumanne niliwasomea barua yako. Nilitegemea wakasirike. Gus ndiye aliyeanza kucheka. "Si nilikwambia, Mwalimu! Mimi tangu lini nikasema 'kwa unyenyekevu mkubwa'? Hata kwa mama mkwe sijawahi!"

"Mimi nilidhani 'tukufu' ni jina la mtu," akasema Oriel. "Nikasema, huyu Tukufu lazima awe mkubwa, kila mtu anamwandikia."

Walicheka mpaka mchungaji akashuka kutazama kuna nini. Nami nilicheka, jambo ambalo wanalizungumzia mjini hadi leo.

Kisha nikawauliza tufanye nini. Miaka arobaini na mitatu ya ualimu, sikumbuki kuwahi kuliuliza darasa swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa na jibu lake. Gus aliinua kitabu chake cha mazoezi, kile kilichokwisha mwezi Desemba, akasema, "Wapelekee hiki. Mwanzo kuna kuku ameparua. Mwisho kuna mimi."

Hilo ndilo tutakalofanya. Tutapeleka vitabu vyenyewe vilivyojaa, pamoja na makosa yake, madoa ya kahawa na majina ya watoto wao. Wajumbe wanasema kitabu cha kuandikwa ndani ni sawa na bahasha. Basi wakifungue, waone kama bahasha huwa hivyo. Majina nitayafunika kwa vipande vya karatasi, maana wengi hawajawaambia hata majirani.

Wanane wamekubali. Mmoja amekataa, na kitabu chake ndicho kizuri kupita vyote. Katika ukurasa wa kwanza hawezi kufuata mstari. Katika ukurasa wa mia na kumi na mbili, zoezi linapowataka waandike barua kwa mtu aliye mbali, ameandika kurasa mbili na kuendelea pembeni. Bila hicho, nadhani tutashindwa. Aliniambia, "Mwalimu, humo ndani nimo uchi." Siwezi kumlazimisha. Nilimlazimisha mara moja, alipokuwa na miaka kumi na minne.

Nikueleze, maana sijamweleza mtu. Alikuwa mvulana mpole aliyekariri masomo ya wenzake kwa kuyasikiliza, na kwa miaka mingi alinidanganya hivyo. Siku moja nilimpa kitabu asichowahi kukisikia, nikamsimamisha mbele ya darasa asome. Alisimama robo saa nzima. Sikumwambia akae. Jioni ile nikamwambia baba yake kwamba kiwanda kitamfaa kuliko shule. Jumatatu yake alikuwa kazini. Mwaka juzi, baada ya Krismasi, alishuka ngazi za kanisa ameshika kofia, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu kama bado kuna nafasi.

Basi mwenye kuamua ni yeye.

Jambo la mwisho. Usiache kumwandikia kaka yako. Sikuombi, nakuagiza.

Hester Quarrie

---

Tobin Mills
12 Machi 1996

Lorna,

Pokea vitabu tisa, siyo vinane.

Cha tisa kilifika mlangoni kwangu Jumapili baada ya ibada, kimefungwa kwa karatasi nzito ya kiwandani. Mwenyewe alisema, "Kipeleke kabla sijabadili nia." Nilimwuliza kilichombadilisha. Alisema kuna mtu wa nne amekuja kuulizia nafasi, kijana wa zamu yake, naye alimwona akizungukazunguka mlango wa kanisa kama anayetafuta kitu kilichomwanguka. "Naujua huo mzunguko," akasema. "Mimi niliuzunguka miaka mingi."

Nakuomba uvinakili vizuri, na uvirudishe. Wanavitaka.

H. Q.

---

Ottawa
22 Machi 1996

Mwalimu wangu,

Ulijua.

Niandike kwa mpangilio, kama ulivyonifunza, la sivyo nitaruka.

Jumatatu nilikaa peke yangu kwenye mashine ya kunakili, maana kila mjumbe alitakiwa kupata kurasa zake. Nilivinakili vitabu kimoja kimoja. Cha Gus nilikitambua bila kuambiwa. Kuku wake nimemwona. Katika cha mpishi kila mfano ni wa mkate. Kisha nikafungua kile kilichokuwa kimefungwa kwa karatasi ya kiwandani.

Mwandiko sikuujua. Nilikuwa sijawahi kuuona maishani. Nikaendelea kunakili, nusu nikisoma, hadi nikafika ukurasa wa mia na kumi na mbili. Jina la aliyeandikiwa ulikuwa umelifunika kwa kipande cha karatasi, umelibandika vizuri sana. Lakini hukufunika yaliyofuata. Naandika hapa kama yalivyo:

"Barua zako ziko kwenye kopo la biskuti. Zote saba. Sijafungua. Sina hasira. Philomena hayupo wa kunisomea. Alikuwa anasoma mezani baada ya kula na mimi namwambia la kujibu na yeye anaandika. Alipokufa alikufa na macho yangu. Ulidhani nimenyamaza. Nilikuwa sijui. Unakumbuka ulivyoteleza kwenye magogo mtoni nikakukamata msuko wa nywele. Ulilia ukasema bora ningekuacha. Bado nimeshika."

Mwalimu, kwa miaka thelathini na mmoja nimezihifadhi barua za kaka yangu katika droo ya nguo zangu nzuri, na juzi ndiyo mara ya kwanza kuuona mwandiko wake. Nilikaa sakafuni karibu na mashine. Mwenzangu alinikuta akaniuliza, "We Lorna, umeanguka?" Nikamwambia hapana, karatasi zimekwama.

Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamweleza kwamba miongoni mwa mashahidi kuna ndugu yangu. Nilikuwa tayari kutoka chumbani. Bi. Morel akasema, "Karani hapigi kura. Kaa, uandike kinachosemwa."

Alhamisi vitabu vyenyewe viliwekwa mezani, vyote tisa. Wajumbe walivipokezana kwa dakika nyingi. Walikuwa wanafungua tu. Mjumbe mmoja wa Quebec alikuwa akienda ukurasa wa kwanza, kisha wa mwisho, kisha wa kwanza tena. Bwana Rusk alipata cha Everett. Alisoma kwa kidole. Alipofika ule ukurasa alivua miwani, nikasema moyoni, haya, anakuja tena na mzaha wake.

Akasema, "Mwezi uliopita nilisema kaandika mwalimu, mkacheka. Hiki hakuandika mwalimu yeyote. Marehemu baba yangu alikuwa akitia sahihi kwa alama ya msalaba, na sisi watoto tulimficha wageni wasijue." Akakifunga kitabu taratibu. "Napendekeza kifungu cha nne kifutwe chote. Kitabu ni kitabu, kiwe cha kusomwa au cha kuandikwa ndani. Nani ananiunga mkono?"

Mikono ilipanda kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Wote kumi na mmoja. Nilihesabu, nikahesabu tena kwa sababu macho yangu hayakuwa yakiona sawasawa, nikaandika: "Pendekezo limekubaliwa kwa kauli moja." Nadhani ni sentensi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Isahihishe ukiweza.

Bado Bunge zima lipige kura, lakini kamati ikikubaliana hivi, ni nadra Bunge kupinga.

Vitabu vinane narudisha kwa posta. Cha tisa nitakileta mwenyewe wakati wa Pasaka. Usimwambie.

Lorna

---

Tobin Mills
15 Aprili 1996

Mpendwa Lorna,

Umeondoka jana, na tayari naandika, kwa sababu mbele ya watu sikuweza kusema.

Ulipotokea mlangoni kanisani na kitabu kile chini ya kwapa, Everett alikuwa mbele ya Oriel akipakuliwa maharagwe. Sikusikia mlichosemezana. Niliona tu kwamba alikishika kichwa chako pale nyuma, kwenye nywele, na ninyi wawili mkawa mnacheka na kulia pamoja, na sahani ikaanguka. Oriel alisema, "Acheni, acheni, nitafagia mimi, sahani zipo." Kisha Gus akapanda mnarani bila kuomba ruhusa na kuipiga kengele ya kanisa, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, hata wazima moto wakaja. Nao wakapakuliwa.

Siku ile ulinishukuru kwa kutunza siri. Usinishukuru. Nilipokuwa nikilifunika jina lako kwa kile kipande cha karatasi, nilijua kwamba ningeweza kuyafunika na yale ya msuko wa nywele. Mkasi ulikuwa mkononi. Niliuweka chini. Nilikuwa nimempa Everett ahadi ya kutokuambia, nikaitimiza kwa herufi tu. Baadaye nilimwambia mwenyewe. Alisema, "Mwalimu, umechelewa miaka arobaini na minne, lakini umefanya vizuri." Katika maisha yangu yote sijapata alama ya juu kuliko hiyo.

Wale wanne waliokuwa wakisubiri wanaanza Jumanne. Sikungoja kura ya Bunge. Nimeviagiza vitabu.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili Machi ina makosa matatu. Nimeyaacha palepale.

Hester Quarrie

---

Tobin Mills
19 Mei 1996

Lorna mdogo wangu,

Hii ni barua yangu ya kwanza ya posta. Mwalimu hajaiona. Alitaka kuiona, nikamwambia hapana. Akaenda kuchungulia dirishani.

Bunge limepitisha. Najua unajua, wewe uko huko. Lakini nataka nikwambie nilivyojua mimi. Ijumaa mapumziko ya chai nilikuwa karibu na mashine namba mbili. Gazeti lilikuwa kwenye benchi. Nililichukua nikalifungua. Zamani pia nilikuwa nalifungua, ili watu waone nimelifungua. Safari hii nilisoma. Ukurasa wa tano, chini. Kodi ya mauzo imeondolewa kwenye vitabu vya madarasa ya watu wazima, pamoja na vitabu vya mazoezi. Nilisoma mara mbili. Neno moja lilinisumbua, nikalivunja vipande kama tulivyofundishwa, likatoka.

Nikapanda juu ya benchi, Lorna. Mimi. Nikawasomea zamu nzima kwa sauti. Mashine inanguruma kwa hiyo nilipiga kelele. Nilipomaliza msimamizi akasema, "Haggart, sikujua una sauti nzuri hivyo." Nikamwambia, "Hata mimi." Kisha nikawaambia ni kwa nini sikuwahi kusoma mabango ya usalama, miaka arobaini na minne. Nilidhani watacheka. Wawili walinifuata baadaye, mmoja mmoja, kwa siri. Sitakutajia majina.

Karatasi ya lile gazeti ni yetu. Naijua kwa kuishika.

Sasa nasoma barua zako. Siyo zile saba, hizo nilizimaliza wiki ile ile uliyoondoka. Nasoma zote, tangu ya kwanza, uliyoandika ulipohamia mjini na ukapotea ndani ya duka kubwa. Philomena alizifunga kwa utepe mwaka hadi mwaka. Nimegundua kitu. Alikuwa ananirukia habari mbaya. Ile ya wewe kupoteza mtoto hakunisomea. Alijibu peke yake, kwa jina langu, maneno mazuri kuliko ambayo ningeweza kusema mimi. Nilikaa nayo siku mbili. Pole, mdogo wangu. Nimechelewa miaka kumi na tisa. Hii pole ni yangu mwenyewe.

Sasa nimefika 1979. Mbwa wenu amepotea. Usiniambie kama alirudi.

Kuna jambo moja zaidi. Pamoja na hao wawili tutakuwa kumi na watano darasani na meza zimejaa. Mwalimu ana miaka sabini na minne na ngazi zinamchosha, ingawa ukimwambia hivyo atakusimamisha mbele ya watu. Jana alinipa chaki. Anataka Alhamisi niichukue meza ya wanaoanza. Wale wanne wa Aprili. Na yule kijana wa zamu yangu yumo. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi mwenyewe bado navunja maneno." Akasema, "Ndiyo maana."

Nimeweka chaki kwenye kopo la biskuti, sasa lina nafasi. Naitazama. Sijamjibu. Nataka nifikirie vizuri, nisikubali kwa furaha tu, kwa sababu mtu anayeanza akipata mwalimu mbaya anaweza kukaa nje miaka arobaini na minne.

Nikishaamua nitakuandikia. Mimi mwenyewe.

Kaka yako,
Everett